Maswali ya Wasomaji: Mama akihamia apatimenti za wazee Marekani, ndo tumemtupa?

Safari hii barua nyingi zimekuja na jambo moja, wazee wetu walioko Marekani na yale majengo ya kupanga yanayochukua watu wa miaka 55 au 62 kwenda juu tu. Nimechagua chache, majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Niliwahi kukaa ofisi ya mbele ya jengo la namna hiyo kule Minnesota, kwa hiyo mengine nayasema kwa nilivyoyaona.

Shangazi shikamoo. Niko Columbus, Ohio. Mi na mume wangu wote tunapiga shifti, yeye usiku mi mchana, watoto shule. Mama ana miaka 68, tulimleta kwa grinikadi huu mwaka wa sita, anashinda peke yake ndani kutwa na tivii asiyoielewa na ngazi zinamuua magoti. Kuna apatimenti za wazee dakika kumi kwa gari kutoka kwetu, kuna lifti, kodi nasikia nafuu, na mama alipopaona kwa nje akasema pazuri. Nikawaambia wajomba Tanga, uwiii, kikao cha WhatsApp siku mbili mfululizo, naambiwa nampeleka mama nyumba ya wazee kwa wazungu, kanilea nimekua sasa namfukuza. Mjomba mkubwa katamka laana kabisa. Nifanyeje?
*Binti wa Tanga*

Marahaba mwanangu. Pole na kikao.

Wajomba usiwakasirikie, wanasema kwa kile wanachokijua. Ukimtajia mtu wa Tanga nyumba ya wazee picha inayomjia ni Nunge pale Kigamboni, au Sebleni kule Unguja, yaani serikali imemchukua mzee asiye na mtu inamlisha na kumvisha. Sasa wakisikia mama ana mtoto wa kumzaa, ana mkwe, ana wajukuu, na bado anapelekwa huko, mi mwenyewe ningepiga kelele.

Lakini unapotaka kumpeleka wewe sio huko. Hapo mama anapanga nyumba kama mpangaji yeyote, anasaini mkataba kwa jina lake, ana funguo zake, jiko lake, choo chake, akitaka kufunga mlango asiongee na mtu wiki nzima hakuna wa kumgongea. Hakuna nesi, hakuna wa kumpikia wala kumwogesha. Na hilo ndo la kuangalia kwanza kabla hata ya wajomba: je mama anajimudu? Kama ameshaanza kusahau jiko linawaka, au hawezi kutoka bafuni mwenyewe, basi hapo sipo, huko ni ngazi nyingine kabisa yenye wahudumu na bei yake inatisha. Kama shida ni magoti na upweke tu, hapo panaweza kumfaa sana.

Na Wamarekani wenyewe hawakuyaanzisha haya kwa ajili ya watu waliotupwa. Kule Arizona mji wa Sun City ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1960 kwa ajili ya wastaafu wenye pesa zao, mabwawa ya kuogelea na gofu. Wa kipato cha chini walishapata ya kwao mwaka mmoja kabla, sheria ya nyumba ya 1959 ilileta kitu kinaitwa Section 202, mashirika yasiyo ya faida, mengi yao ya makanisa, yakapewa fedha za serikali kujenga majengo ya wazee. Mwambie mjomba mkubwa hivyo, huwa inasaidia kidogo.

Sasa hela, maana hapa ndo watu wengi wanaangukia. "Kodi nafuu" zipo za aina mbili na usipouliza utajuta. Aina ya kwanza ni hizo Section 202 na zenye msaada wa Section 8 (serikali inamlipia mpangaji sehemu ya kodi), mzee analipa kama asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato fulani, mfano anayepokea SSI (ile hela ya kila mwezi ya serikali kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo) ya mtu mmoja, mwaka 2025 ilikuwa dola 967 kwa mwezi, kodi yake inakuja karibu dola 280. Kipato kikishuka kodi inashuka. Aina ya pili ni majengo yaliyojengwa kwa ule mpango wa punguzo la kodi ya mapato ulioanza 1986, hapo kodi imepangwa kwa kuangalia kipato cha wastani cha eneo, sio cha mama yako. Ni nafuu kuliko ya sokoni lakini ni ileile mwezi hadi mwezi, mama awe na kitu asiwe na kitu. Majengo yote mawili yanaweza kuwa mtaa mmoja yana bango la nje linalofanana! Uliza ofisini swali moja tu, kodi inafuata kipato cha mpangaji au imepangwa?

Na mama yako kwa grinikadi ya kuletwa na mtoto kuna uwezekano mkubwa SSI hana, tangu sheria ya 1996 wahamiaji wengi wenye grinikadi hawaipati mpaka wawe raia au wawe na historia ndefu ya kazi. Ila umesema ni mwaka wa sita, maana yake miaka mitano ya kuombea uraia imeshapita. Mngeshalianza hilo. Akiwa raia na kipato chake ni kidogo, ndo mlango wa SSI unafunguka na hesabu yote ya kodi inabadilika. Mtihani ni wa Kiingereza, msamaha wa umri unataka mtu awe amekaa na grinikadi miaka 15 au 20 kwa hiyo yeye bado, itabidi asome, madarasa ya bure yapo maktaba nyingi za mji na akienda huko nako anatoka ndani.

Foleni sasa. Usifikiri utajaza fomu Jumatatu ahamie Ijumaa. Zile za kufuata kipato foleni yake ni ya miaka, kwingine wamefunga hata kupokea majina. Jaza majengo matano, sita, na ukihama namba ya simu au anwani wajulishe wote, nimeona majina ya wazee yakifutwa kwa sababu barua ilirudi posta na simu haipokelewi.

Nikuambie nilichokuwa nakiona pale ofisini. Wale walioletwa na mtoto ameshabeba masanduku, mzee hajawahi kuingia ndani ya jengo hata siku moja, hao ndo walikuwa wanakaa kwenye kiti cha lobi na koti mwilini wanasubiri jioni waje kuchukuliwa. Wengine walikuja kwanza kuangalia, wakafungua makabati, wakauliza maji ya moto, wakagombana na binti zao kuhusu rangi ya pazia, na mwezi wa pili ukipiga simu kwake hayupo, kaenda sijui wapi na jirani. Kwa hiyo mpeleke mama ndani, na muende Jumanne saa nne asubuhi sio Jumapili. Muangalie nani yuko lobi, basi linasimama wapi, msikiti uko mbali kiasi gani na nani atampeleka Ijumaa, duka la nyama halali lipo? Akisema sitaki basi hataki na yaishe, tafuteni nyumba isiyo na ngazi.

Akisema nataka, kazi ya kuwajibu wajomba sio yako tena. Mama ndo dada yao. Mpe simu ajirekodi vidio mwenyewe yuko jikoni kwake, awaonyeshe na kitanda cha wageni, aseme mimi nimetaka. Wewe nyamaza kwenye lile grupu, kikao cha WhatsApp hakilipi kodi.

Habari Shangazi. Baba yangu ana miaka 76 yuko kwenye jengo la 62 kwenda juu hapa Dallas, juzi kaanguka sasa natamani kuhamia kwake nimuangalie. Mi nina 41 na nina mtoto wa miaka 9. Rafiki yangu mama yake yuko jengo la 55 na anaishi naye bila shida yoyote, kwa nini langu wananikatalia?
*Mwana wa Pekee*

Kwa sababu ni majengo tofauti kisheria, japo kwa macho yanafanana. Iko hivi, sheria ya makazi ya 1968 iliboreshwa 1988 ikakataza kumnyima mtu nyumba eti kwa sababu ana watoto, lakini ikaacha mlango kwa nyumba za wazee, na 1995 wakaulegeza zaidi kidogo. Jengo la 62 wakaaji wote lazima wawe wamefika 62, wote, hata mke wa mtu akiwa na 60 hapati. Jengo la 55 inatosha angalau asilimia 80 ya nyumba zenye watu ziwe na mtu mmoja aliyefika 55, ndo maana rafiki yako mwenye umri mdogo anaweza kuishi na mama yake kama kanuni za jengo lao zinaruhusu, wengine wanaweka masharti makali zaidi na wana haki hiyo.

Ila kwako kuna njia, mtunzaji wa kuishi naye. Daktari wa baba aandike kwamba kwa hali yake anahitaji mtu wa kukaa naye ndani, baba (sio wewe) apeleke ombi ofisini kwa maandishi. Ndugu anaweza kukubaliwa kama mtunzaji, lakini wataangalia je kweli unamtunza au umekuja kutafuta pa kulala, na kwenye nyumba za msaada wa serikali kipato chako hakiingii kwenye hesabu ya kodi yake. Cha kukumbuka, wewe hapo huna haki ya nyumba, siku baba hayupo na wewe unaondoka, usiuze vitu vyako vyote.

Mtoto ndo mgumu. Kutembelea ruhusa, kulala kwa babu wikiendi ruhusa, kuishi hapana. Mikataba mingi ina idadi ya siku mgeni anazoweza kulala, wiki mbili ni kawaida, soma wa baba. Na tafadhali usimfiche mtoto, majengo haya kila mtu anajua kila kitu, kuna bibi mmoja ghorofa ya kwanza anahesabu mpaka mapizza yanayoingia.

Jambo mama. Miye ni mzee wa Uvira, niko na miaka 71, tulitoka kambi ya Nyarugusu na sasa ni mwaka wa sita huku Portland, Maine. Niko peke yangu katika apatimenti za wazee, watoto wako na kazi zao. Shida ni mbili. Ya kwanza, nikipika ndagala (dagaa wa ziwani) jirani anapeleka maneno ofisini eti harufu. Ya pili, hapa hakuna mtu ya kusalimia, unapita mtu anaangalia chini. Siku zote nafunga mlango, nasikiliza redio kwa simu. Naweza kukataa kupika? Miye sikatai, lakini chakula ndo hicho.
*Mzee wa Ziwani*

Shikamoo mzee wangu, na ndagala usiache. Meneja anaweza kukuambia moshi umezidi, au king'ora kimelia, lakini hawezi kukuambia usile chakula cha kwenu, sheria ileile ya 1968 inakataza kumbagua mpangaji kwa asili yake. Akija tena na hayo maneno mwambie aandike kwenye karatasi, mara nyingi wakiambiwa waandike wanapoa. Upande wako nako kuna ujanja: fungua dirisha kabla hujawasha jiko, feni ya juu ya jiko iwe inavuta (nyingine zinazungusha hewa ilimo ndani tu, washa hata ya bafuni), na loweka ndagala kwanza badala ya kuwakaanga wakavu. Kitu kimoja usifanye kamwe, usifungue mlango wa koridoni ili moshi utoke. King'ora cha koridoni kikilia jengo zima linashuka ngazi, na hapo jirani atakuchukia kwa haki.

La salamu. Wamarekani wazee kusema kweli sio kwamba hawataki kuongea, hawaongei koridoni. Wanaongea sehemu wanazokaa. Jengo lolote la aina hii angalia saa mtu wa posta anapoleta barua, nusu saa kabla yake viti vya karibu na masanduku ya barua vimejaa, hakuna anayesubiri barua yenyewe, wote wanangoja maongezi. Nenda kakae. Siku ya kwanza watakuangalia, ya pili watakuuliza jina, ikifika wiki ukikosekana watauliza uko wapi. Bingo nayo usiidharau, namba ni namba huhitaji Kiingereza cha maana. Uliza pia chakula cha mchana cha wazee, kuna mpango wa sheria ya 1965 kwa kila aliyefika miaka 60, mnakula pamoja na mchango ni wa hiari, hata huna wanakupa. Chakula chenyewe hakina chumvi, nakuonya. Na kama jengo lina vile vibustani vya mbao nje, omba kimoja mapema kabla ya majira ya joto, lengalenga zinaota vizuri tu Maine wakati wa joto, na hakuna kitu kinachomleta mzee wa Kimarekani karibu kama kuona mtu anapanda mmea asioujua, hapo atakuja mwenyewe kuuliza.

Sasa mzee, kuna jambo hujaliuliza na mimi limenishtua kuliko ndagala. Umesema mwaka wa sita. Kama ulikuja kama mkimbizi na unaishi kwa SSI, hiyo mkimbizi anapewa miaka 7 tu, ikipita bila kuwa raia inakatika. Wewe kuomba uraia unaruhusiwa tangu ulipofikisha miaka mitano, maana kwa mkimbizi wanahesabu kuanzia siku ulipoingia. Kesi inachukua miezi, kwa hiyo wiki hii, sio mwezi ujao, mwite mtoto mmoja muende kwenye shirika lililowapokea mkaanze fomu. Kama kuna ugonjwa unaokuzuia kujifunza lugha, daktari anaweza kujaza fomu N-648 ukasamehewa mtihani, lakini ajaze kwa kueleza ugonjwa wenyewe, akiandika "ni mzee" tu wanairudisha.

Shangazi mambo. Mama yuko apatimenti ya kodi ya asilimia 30 huko Houston na anapata SSI. Mi na kaka tunampa dola 200 kila mwezi, je hii inahesabiwa? Na anataka kwenda Mombasa miezi minne kwa harusi na kupumzika, kuna shida?
*Kifunga Mimba*

Poa mwanangu. Hela ya kila mwezi inahesabiwa, ndio. Msaada wa pesa unaokuja kwa mpangilio ni kipato, na mkificha halafu ikaonekana benki siku ya kupitia mafaili ya mwaka, mama ndo anadaiwa kodi ya nyuma. Zawadi ya Idi, ya krismasi, ya siku ya kuzaliwa, hiyo haihesabiwi. SSI nayo ina sheria zake za kuhesabu, pigeni simu Social Security, ofisi inayoilipa, mjue kabla.

Mombasa miezi minne hapana, sio kwa mpango huo. SSI inasimama mtu akiwa nje ya Marekani siku 30 mfululizo au mwezi mzima wa kalenda, na akirudi lazima akae tena siku 30 ndani ndo irudi. Pili, nyumba hizi nyingi zina kanuni kwamba mpangaji akiwa hayupo zaidi ya siku 60 mfululizo bila sababu ya matibabu wanahesabu ameihama. Nimeshuhudia mama anarudi na mabegi yake ya mahamri na funguo haifungui. Aende wiki tatu na siku zake, ale harusi arudi, mwakani aende tena. Ofisi apewe barua ya tarehe za kuondoka na kurudi, nakala mbaki nayo, na mtu mmoja awe anapita kumwagilia maua na kuchukua barua, maana barua za kupitia kipato zina tarehe ya mwisho na hazingoji mtu aliyeko Nyali.

Swali fupi: Bibi yetu ameifunga juu ile kamba nyekundu ya bafuni ya kuvuta kuita msaada, anasema inamkera na mjukuu aliivuta wakaja watu. Tuiache?
*Wajukuu, Minneapolis*

Ifungueni leo. Ile kamba inatakiwa ining'inie mpaka karibu kabisa na sakafu kwa sababu mtu akianguka bafuni yuko chini, ukiifunga juu ni pambo tu. Kila nilipoingia kwenye nyumba za wazee wetu nilikuta hivyohivyo, imefungwa fundo, au imeanikwa leso. Iko nyingine chumbani, mara nyingi imezibwa nyuma ya kitanda, mvute kitanda. Halafu mumuulize meneja, mkivuta inalia wapi? Jengo moja inaita kituo chenye mtu saa 24, jengo jingine inawasha taa tu juu ya mlango wa koridoni na kupiga kengele mpaka jirani asikie, hakuna anayeita ambulansi. Kama ni hiyo ya pili bibi anahitaji kitu cha kuvaa shingoni au mkononi chenye kitufe, na namba zenu ziwe zimeandikwa kwa maandishi makubwa mlangoni upande wa ndani. Mjukuu akiivuta tena waombeni radhi walinzi, wameshazoea.